Kufunga mwamba miezi mitatu hakutamrudisha chewa

Siku ya kufungua mwamba imekuwa sikukuu katika vijiji vingi vya pwani. Kisiwa Panza kule Pemba, Songosongo, Mafia, hata Pate katika kaunti ya Lamu, watu hungoja bamvua, maji yakitoka wanashuka na vijiti na mikuki yao, na baada ya saa chache madalali wanapima pweza wa kilo mbili na tatu mahali ambapo miezi michache nyuma aliyepata wa kilo moja alijihesabu ana bahati. Viongozi hualikwa, wengine huinua pweza kwa minyiri mbele ya kamera, na kesho yake magazeti huandika kwamba kijiji fulani kimeonyesha njia. Sifa hizo si za bure. Kijiji kinachokubaliana kuacha sehemu ya mwamba wake bila kuguswa, kikapanga zamu za doria na kuwatoza faini watoto wake wenyewe, kimefanya kazi iliyozishinda serikali nyingi. Ninacholalamikia ni hitimisho tunalolitoa. Tumeanza kusema kwamba bahari ikipumzishwa kidogo hujaa tena, kana kwamba alichofanya pweza atakifanya kila kiumbe anayeishi mwambani. Hatafanya. Na kadiri tunavyoishangilia dawa hii nyepesi, ndivyo tunavyoliahirisha swali lenye uchungu ambalo ndilo kiini cha usimamizi wa uvuvi popote duniani: vyombo vingapi, watu wangapi, katika maji yapi, na nani mwenye mamlaka ya kusema basi.

Tuanze na ushahidi, maana upo na ni mzuri. Mtindo huu wa kufunga kwa muda ulianzia Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, kwa wavuvi wa jamii ya Vezo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliochambua mafungo 36 ya eneo hilo yaliyofanyika kwa miaka kadhaa. Katika mwezi uliofuata ufunguzi, pweza waliopandishwa pwani kutoka maeneo yaliyofungwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na pato la kila mvuvi kwa siku likapanda kwa karibu asilimia 90. Hizo ndizo namba zinazorudiwa kwenye warsha. Zisizorudiwa ni nyingine zilizomo humohumo. Maeneo yaliyofungwa yalikuwa kama sehemu moja ya tano tu ya mwamba wa kijiji, kwa hiyo watu waliendelea kuvua penginepo. Mafungo tisa kati ya yale 36 hayakulipa gharama ya kungoja. Na watafiti wenyewe walisema wazi kwamba hawakupima kilichowapata samaki wengine wote wanaovuliwa na vijiji hivyo. Kwa maneno mengine, utafiti huu unatuambia jambo moja kwa uhakika, yaani pweza wakiachwa miezi michache wanakuwa wakubwa na wanaleta fedha zaidi. Kuhusu changu, pono, chewa au papa haukusema neno, na si haki kuubebesha usichosema.

Pweza huyu wa mwambani ana maisha ya haraka mno. Anaishi mwaka mmoja, mmoja na nusu hivi. Akiwa mdogo anakua kwa kasi ambayo hakuna samaki wa mwamba anayeikaribia, kiasi kwamba wiki chache tu zinatosha kumtoa kwenye uzito wa nusu kilo, ambao ndio kiwango cha chini kwa sheria, hadi kwenye uzito unaomfurahisha mnunuzi. Jike hutaga mara moja tu, mayai kwa malaki, anayalinda pangoni bila kula, na yakianguliwa anakufa. Vitoto hupeperushwa na mikondo ya maji, kwa hiyo mwamba uliochokolewa mpaka ukabaki mtupu unaweza kupokea wageni kutoka miamba ya mbali. Kwa mnyama wa namna hii, kumwacha miezi mitatu ni kumwacha robo ya maisha yake. Ukichelewa kumvua atakufa mwenyewe, kwa hiyo hesabu ya kijiji ni ya lini kumvua, ili wengi wawe wamepata uzito na baadhi ya majike wawe wamekwisha kutaga. Ndiyo maana dawa inafanya kazi upesi, matokeo yanaonekana kwa macho, na kamati ya kijiji inaweza kusimama mbele ya watu wake bila aibu kabla subira haijaisha.

Sasa mtazame chewa. Spishi nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike. Baada ya miaka, zikishakuwa kubwa, baadhi hugeuka madume. Mvuvi wa mshipi au wa bunduki anayechagua wakubwa, na nani asiyewachagua, anaondoa madume na majike bora kwa mkupuo mmoja. Chewa hukusanyika kutaga mahali palepale, kwa mwezi uleule, na wavuvi wazee wanapajua. Mwamba wa aina hiyo ukifunguliwa siku ambayo si yake, kazi ya miaka inaisha kwa bamvua moja. Ukubwa nao una maana kuliko tunavyodhani. Katika Ghuba ya Meksiko wanasayansi walihesabu mayai ya samaki mwekundu wa jamii ya changu wetu wa kina kirefu: jike mmoja wa sentimita 61 hutoa mayai sawa na majike 212 wa sentimita 42. Kwa hiyo anayesema "tumewaacha wadogo wengi" hajasema kitu kama mama zao wote wamekwisha kuuzwa hotelini. Papa ni wa polepole zaidi, anachelewa kukomaa na anazaa watoto wachache. Na kule mwisho kabisa wa mstari yuko silikanti wa Tanga, yule samaki wa kale anayenaswa na majarife ya maji marefu, ambaye utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria anaishi karibu karne nzima na kubeba mimba miaka mitano. Huyo hatuli, lakini anatusaidia kuona upana wa jambo: ndani ya bahari moja wamo viumbe ambao kwao miezi mitatu ni sehemu kubwa ya umri, na viumbe ambao kwao miezi mitatu si kitu.

Mwamba mzima unahitaji muda gani kupona? Jibu bora tulilonalo lilichapishwa mwaka 2015 baada ya kulinganisha zaidi ya miamba 800 duniani, ikiwamo ya ukanda wetu wa Bahari ya Hindi. Mwamba usiovuliwa hubeba takribani kilo 1,000 za samaki kwa hekta. Miamba inayovuliwa, zaidi ya minane katika kila kumi, ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya uzito huo, na ikiachwa kabisa ingehitaji kwa wastani miaka 35 kurudi karibu na hali yake. Miaka, si miezi. Kenya inatupa mfano wa karibu, kwa sababu Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na maeneo yake yasiyovuliwa yamefuatiliwa na watafiti kwa muda mrefu kuliko karibu popote Afrika. Huko wameona kwamba samaki wadogo wa kasi hurudi katika miaka ya mwanzo, na wakubwa wa polepole huendelea kuongezeka hata baada ya miongo miwili. Chumbe, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, haijavuliwa tangu mwaka 1994 na inaonyesha jambo hilohilo. Ukifunga kwa miezi sita kisha ukafungua, unachokuwa umefanya kwa samaki wa polepole ni kuwakusanya waliokimbilia mahali penye utulivu, ukawatayarishia mavuno mepesi. Pweza anafungwa ili avuliwe vizuri; chewa akifungwa kwa kalenda ya pweza anavuliwa vizuri zaidi kuliko asingefungwa.

Hapa ndipo dhana iliyo chini ya usimamizi wote wa uvuvi inapotakiwa. Kundi la samaki lililofikia ukomo wa mahali pake haliongezeki, maana chakula na mapango vimekwisha. Ukilipunguza, waliobaki wanapata nafasi, wanakua haraka, vitoto vingi zaidi vinaishi, na kunatokea ziada ya kila mwaka. Ziada hiyo ndiyo halali ya mvuvi. Huwa kubwa kundi likiwa limepungua kufikia kama nusu ya ukubwa wake wa asili, kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea aina ya samaki; ukilipunguza kuvuka hapo, ziada nayo inapungua, na anayeendelea kuvua kwa kiasi kilekile anakula wazazi. Tatizo ni kwamba mvuvi aliye baharini hana alama ya kumwambia amevuka. Jumla ya samaki wanaopandishwa dikoni inaweza kubaki ileile kwa miaka mingi, huku vyombo vikiongezeka na kila chombo kikirudi na kidogo zaidi, kikienda mbali zaidi. Namba inayosema kweli ni kilo kwa mvuvi kwa siku, na hiyo ndiyo namba ambayo ripoti zetu huizika chini ya majumla ya tani.

Mwaka 1954 mwanauchumi wa Kanada aitwaye H. Scott Gordon alieleza kwa nini jambo hili si ujinga wa wavuvi. Bahari ikiwa wazi kwa kila anayetaka kuingia, watu wataendelea kuingia maadamu kuna faida yoyote iliyobaki, na watakoma pale tu gharama ya kwenda baharini itakapolingana na thamani ya kilichomo chomboni. Kila mmoja wao anafanya uamuzi wa busara. Jumla ya busara hizo ni umaskini wa wote, na samaki wachache kuliko walivyoweza kuwa. Ndiyo maana kumpa kila mvuvi injini bora au wavu bora, bila kugusa mlango wa kuingilia, hakumtajirishi kwa muda mrefu. Faida inawaita wengine hadi inakwisha. Tazama Zanzibar. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2010 ilihesabu wavuvi takribani 34,000. Ile ya mwaka 2016 ikakuta takribani 49,000. Miamba haikuongezeka katika miaka hiyo sita. Nisieleweke vibaya: vijana hao hawakuingia baharini kwa tamaa, waliingia kwa sababu ndiko mlango uliokuwa wazi. Lakini samaki hawaulizi sababu.

Sheria zetu, Bara, Visiwani na Kenya, zimetumia nguvu nyingi kwenye zana. Macho ya wavu yawe kiasi gani, kokoro marufuku, bunduki ya mshale marufuku, mtando usiburutwe juu ya matumbawe, ringi isivutwe kwenye maji madogo. Nyingi ni sheria nzuri. Vita dhidi ya baruti, iliyokuwa ikilipua miamba yetu tangu miaka ya 1960, ilionekana kama haitafanikiwa kamwe, hadi vyombo vya dola vilipoungana katikati ya muongo uliopita na milipuko ikapungua sana. Hilo ni tendo la kujivunia. Ila sheria ya zana ni kama kuwapangia waalikwa ukubwa wa tonge bila kuhesabu waliokaa kwenye sinia. Watu wanane wenye adabu wakila tonge ndogondogo watashiba. Ishirini wenye adabu ileile watalamba sinia na kuondoka na njaa. Leseni, ambayo kwa asili yake ingekuwa ndiyo chombo cha kuhesabu walioketi, kwetu imekuwa risiti. Halmashauri inapokea ada, inaandika jina, na hakuna popote palipoandikwa idadi ambayo ikifikiwa dirisha linafungwa. Mkaguzi akikuta chombo hakina leseni, kosa linaloonekana ni kukwepa ada, na mwenye chombo akilipa ameruhusiwa, hata kama maji anayokwenda kuvua yamekwisha kuelemewa.

Wapo watakaosema hatuwezi kuweka ukomo wa vyombo kwa sababu hatuna takwimu za kutosha kujua ukomo huo ni upi. Ni hoja nzito, na historia inaipa nguvu zaidi kuliko wanaoitoa wanavyojua. Kanada ilikuwa na meli za utafiti, maprofesa na kompyuta, na bado chewa wa baridi wa Newfoundland, yule aliyelisha Ulaya kwa karne tano, aliisha mikononi mwao. Hesabu za kitaalamu zilikadiria samaki ni wengi kuliko walivyokuwa, na wanasiasa, wakihofia kura, wakaweka viwango vya juu hata kuliko hesabu hizo. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ukasimamishwa na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi kwa mpigo. Iliaminika itachukua miaka miwili. Ilichukua zaidi ya thelathini, na ulipofunguliwa tena mwaka 2024 uliruhusiwa kwa tani 18,000 tu. Lakini somo la Newfoundland si kwamba ukomo hauna maana. Somo ni kwamba namba yenye mashaka ishushwe badala ya kupandishwa. Asiyejua kina cha kisima hateremshi mtoto wake kwa kukisia. Kwa uvuvi wetu mdogo wenye aina mamia za samaki, hakuna haja ya kungoja hesabu ya kila spishi. Inatosha kuzuia idadi ya vyombo isizidi iliyopo leo, kuandika kilo kwa mvuvi kwa siku kila dikoni, na kupunguza pale mstari unaposhuka miaka miwili au mitatu mfululizo. Karani mwenye daftari na mizani anaweza kuifanya kazi hiyo.

Hoja ya pili husikika katika kila mkutano wa wavuvi: wanaomaliza samaki ni meli kubwa za wageni, kwa nini mnatuandama sisi wenye ngalawa? Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo usifichwe. Meli za kukokota kamba ziliburuta chini ya bahari karibu na delta ya Rufiji, Tanzania, na katika ghuba ya Ungwana, Kenya, zikamwaga samaki wasiotakiwa, na nchi zote mbili zilifikia mahali pa kuzisimamisha kwa miaka kadhaa. Mikataba ya meli za jodari nayo iwe wazi, idadi ya meli na wanachovua viandikwe hadharani, kwa sababu Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu haiwezi kudai nidhamu kwa mvuvi wa Mkokotoni huku vitabu vya meli vikiwa siri. Hata hivyo, jodari anayezungukwa na meli ya Hispania mbali kule katika ukanda wa maili 200 si changu wa mwamba wa Jambiani. Tasi, pono, changu na chewa, wakishatoka utotoni, huishi na kufa karibu na palepale walipokulia. Wengi wao hawavuki hata mkondo wa kina kirefu kwenda mwamba wa jirani. Hata meli zote za kigeni zikiondoka kesho asubuhi, hakuna chewa hata mmoja atakayerudi mwambani kwa sababu hiyo. Anayemwambia mvuvi mdogo kwamba adui yuko mbali tu, anamliwaza na kumnyang'anya uwezo wa kutengeneza kilicho mkononi mwake.

Iliyo ngumu kuliko zote ni hoja ya haki. Bahari haina uzio. Mungu ndiye aliyeiumba. Maskini asiye na shamba wala mtaji hukimbilia huko. Ukiweka ukomo, nani atabaki nje? Na pwani yetu ina desturi ya dago. Kaskazi na kusi zinapobadilishana, wavuvi wa Pemba wanahamia Tanga, Mafia na pwani ya Kenya, wa Kilwa wanakwenda kwingine, wanapiga kambi miezi kadhaa, wanavua, wanauza, wanarudi. Ni desturi ya kale kuliko mipaka yetu, imeunganisha koo na lahaja, na mvuvi wa dago mara nyingi ndiye mjuzi kuliko wenyeji. Anapofika na ringi kubwa mahali ambapo kamati imefunga mwamba wake kwa jasho, ugomvi unaanza, na kila mmoja ana hoja. Mwenye mwamba anauliza kwa nini alinde ili mwingine avue. Mgeni anauliza tangu lini bahari ikawa na mwenyewe.

Jibu langu ni kwamba bahari iliyo wazi kabisa haikumlinda maskini hata siku moja. Ilimlinda mwenye injini kubwa. Kwenye mwamba usio na kanuni, wa kwanza kushindwa ni mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu, wa pili ni mzee mwenye madema na mtumbwi, na anayebaki mwisho ni tajiri wa mjini mwenye ringi tatu na wapiga mbizi wa kukodi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba mali ya pamoja hudumu pale wenye kuitumia wanapojulikana, wanapotunga kanuni wenyewe na kuzisimamia wenyewe. Kujulikana hakulazimu kumfukuza mgeni. Dago linaweza kuandikwa: nafasi kadhaa kwa msimu, kwa zana zilizokubaliwa, kwa ada inayobaki katika kamati inayolipa mafuta ya doria. Wazee wa zamani walijua mgeni anaanza kwa kwenda kwa mwenyeji. Kinachokosekana ni sheria ya leo kumpa mwenyeji huyo, awe kamati ya shehia au BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya kijiji, uwezo wa kusema msimu huu nafasi zimejaa. Kwa sasa kamati nyingi zina mihuri na mikutano, na jukumu la doria, na zinaombwa kulinda mlango ambao hazina ufunguo wake.

Kuhusu maeneo ya kufungwa moja kwa moja, ambayo ndiyo yanayomfaa chewa, malalamiko ya wananchi yana msingi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, na ile ya Ghuba ya Mnazi mwaka 2000, wavuvi wengi waliona watalii wakizamia mahali walipokatazwa kuvua na wakajiuliza bahari imehamishiwa kwa nani. Hifadhi inayochorwa ofisini huwa kubwa kwenye ramani na nyepesi majini. Lakini upande wa Kilifi, wanakijiji wa Kuruwitu walitenga wenyewe mwaka 2005 kama hekta 30 za mwamba wao, hakuna kuvua kabisa, na eneo hilo likaigwa na vijiji vingine vya Kenya kwa jina la tengefu. Hekta 30 ni padogo sana, na pengine ndiyo siri yake: mtu anaweza kusimama ufukweni akaliona lote, na hakuna mvuvi aliyelazimika kuacha kazi. Samaki wakubwa wakibanana humo hutoka wenyewe mpakani, na mayai hayana mpaka. Wapo watakaosema padogo hivyo hapamfai samaki anayezunguka mbali kama kolekole au nguru. Kweli, hapamfai, na huyo anahitaji kanuni nyingine. Ila kwa chewa anayekaa pango moja miaka kumi, hekta chache alizochagua yeye mwenyewe kutagia zina thamani kuliko maelfu yaliyochaguliwa kwa rula.

Joto la bahari nalo limekuwa kisingizio kipya. Ni kweli matumbawe yetu yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998, yakaumizwa tena 2016 na 2024, na hakuna kamati ya kijiji inayoweza kupoza maji. Lakini mwamba uliokufa unahitaji pono na kangaja wa kula majani yanayoziba nafasi ya matumbawe machanga, na hao ndio tunaowavua. Hali mbaya ya hewa inapunguza ziada. Kwa hiyo inapunguza idadi ya vyombo ambavyo mwamba unaweza kuvibeba.

Kuhusu boti za mkopo ambazo serikali zetu mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zimekuwa zikizigawa kwa vikundi vya vijana na wanawake chini ya bendera ya uchumi wa buluu, wazo la kuwatoa wavuvi mwambani na kuwapeleka kwa jodari na nguru wa maji makubwa ni zuri. Litaharibika kama boti mpya itaongezwa juu ya ngalawa ya zamani badala ya kuchukua nafasi yake, kwa sababu siku ya mafuta kupanda bei au kusi kuchafuka, boti hiyo ya mashine itarudi kuvua kwenye mwamba uleule, ikiwa na nguvu mara tano. Mkataba wa mkopo ungepaswa kuwa na namba ya chombo kinachofutwa kwenye daftari la diko siku boti mpya inaposhushwa majini. Sijui ugumu wa kuandika mstari mmoja huo uko wapi. Samaki nao wawekewe ukubwa wa juu pamoja na wa chini, kama sangara wa Ziwa Victoria, ambaye kwa miaka mingi sheria ilimtaka awe kati ya sentimita 50 na 85 ili mama wakubwa wabaki majini. Mvuvi wa ziwani anaijua kanuni hiyo kwa moyo. Mvuvi wa mshipi anayeinua chewa wa mita moja akiwa hai ana nafasi ya kumrudisha kama yule wa sangara.

Na mwamba wa pweza uendelee kufungwa, kwa kalenda yake, bila kuubebesha matumaini ya samaki wote. Kinachobaki ni fedha, na hapo ndipo ningependa Hazina zitazame kwanza. Leseni za uvuvi mdogo ni mapato ya halmashauri, na mkurugenzi hupimwa kwa makusanyo. Akifunga dirisha vyombo vikifika idadi iliyokubaliwa, takwimu zake za robo mwaka zinashuka na anaitwa kujieleza. Mpaka pengo hilo lifidiwe kutoka juu, au ada ya leseni chache zilizopo ipandishwe kwa wenye injini kubwa na ringi, hakuna ofisa wa wilaya mwenye sababu ya kumkatalia mwombaji anayefuata kwenye foleni.